Kipoza Joto cha Fiorela

"Macho umeyaacha nyumbani?" Fiorela alifoka, huku maboksi yakimporomokea miguuni.

"Ninayo, dada. Ila yamekutana na wewe," akajibu kijana aliyeyabeba.

Ilikuwa Oktoba, katika maduka ya kompyuta ya mtaa wa Wilson, jijini Lima, na watu walisukumana kama kawaida. Fiorela alivaa gauni la zambarau na kamba nyeupe kiunoni, kwa nadhiri yake kwa Bwana wa Miujiza, Kristo anayeadhimishwa Lima kila Oktoba.

"Haya, muuza maneno. Umebeba nini?"

"Vipoza joto. Vya kompyuta zinazokimbizwa kwa kasi kuliko zilivyotoka kiwandani."

"Yangu naikimbiza tangu mwaka jana. Inaunguruma tu, maskini."

"Basi ni Mungu aliyetukutanisha."

Aliitwa Abelardo. Muda si mrefu simu zao zikawa haziishi. Alimwita Fiorela kimbaumbau. Fiorela alimwita mnene wangu, ingawa hakuwa hata na kitambi.

Kisha karakana ya ghorofani ikatangaza shindano la kukimbiza kompyuta, na ambaye kompyuta yake ingekimbia kuliko zote bila kuzimika kwa joto angeajiriwa. Fiorela, aliyeshona vifungo katika kiwanda cha nguo, aliiombea kazi ile kila asubuhi. Siku ya shindano alipita na kompyuta yake kibandani kwa Abelardo, akaonyesha kipoza kirefu kuliko vyote.

"Nipe hicho."

"Hicho hakikufai," Abelardo alisema bila kuinua uso. Wateja walikuwa wamemzonga.

"Hakinifai mimi?"

"Hakikufai, mpenzi. Chukua kifupi."

"Ningekuwa mwanamume ungesema hivyo? Baki na vifupi vyako!"

Akakinunua kwa jirani.

Washindani walifunga vipoza palepale mbele ya jaji, na kompyuta ambayo kasha lake liko wazi haikupimwa. Fiorela alitoa kipoza cha zamani, akafuta krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akaweka tone jipya, akakaza skrubu kwa kukingamisha. Kazi safi. Lakini mlango wa kasha haukufunga. Kipoza kilichomoza kidole kizima.

Akampigia Abelardo simu.

"Mlango haufungi."

"Nilimaanisha kasha lako, kimbaumbau. Si wewe."

"Ungesema kasha!"

"Ungesubiri nimalize!"

"Unaniletea kifupi au huniletei?"

"Niko kwenye ngazi."

Abelardo alifika akihema. Fiorela akafunga kile kifupi na kukaza skrubu, naye Abelardo akapachika feni mbili. Kasha likafunga. Kompyuta ikawaka, na namba ya joto ikaanza kupanda. Themanini. Tisini. Ikifika mia ingejizima yenyewe. Midomo ya Fiorela ilicheza kwa sala. Akaweka kiganja nyuma ya kasha. Hapakuwa na upepo.

"Mnene, feni moja umeigeuza! Zinapuliziana usoni."

Abelardo akasawijika. "Nisamehe. Haraka hii…"

"Fungua upesi, dada," jaji akasema. "Bado sijaanza kupima."

Fiorela aliigeuza mwenyewe, akafunga kasha. Kipimo kikaanza. Sabini. Themanini. Kompyuta ya mshindani wa kando ikazimika, na mwenyewe akashika kichwa.

"Fiorela, nataka kukuoa," Abelardo akanong'ona.

"Usinisemeshe."

Themanini na mbili. Themanini na moja. Nyingine ikazimika. Namba ya Fiorela ikatulia palepale, haipandi, haishuki, mpaka kengele ikalia. Jaji akaandika jina lake juu kabisa ubaoni.

Fiorela akapiga ishara ya msalaba, akafuta machozi, akageuka.

"Haya, mnene wangu. Ulikuwa unasema nini? Sema polepole, na useme yote."