Hii au Huyu

Jioni hiyo nilikuwa juu ya ngazi nikipigana na balbu. Galari yangu iko ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la mabati, na stima ya jengo lile huja na kuondoka kama mume mlevi. Nimeuza sanaa hapo tangu nilipokuwa na nywele. Nimefika Lisbon, Dakar na Oslo nikibeba kazi za watu wetu, nikajifunza kuomba chakula kwa lugha saba, zote zimevunjika. Mjini kwetu watu bado wananipandia kuuliza kama napiga picha za pasipoti. Siku hiyo alikuja mmoja, na nilipomwambia hapana, akanionea huruma.

Picha niliyotaka kuimulika ilikuwa ya Drusilla. Aliyeichora ni binti yake, Maureen, msichana wa Nyacheki ambaye kazi zake nimeziuza tangu amalize shule. Alimchora mamake katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, uso ukikaribia kucheka. Ilikuwa nzuri kiasi cha kuniudhi. Miezi yote ukutani, na hakuna aliyeitaka.

Kwanza ilikuja harufu.

Udongo... udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Ngazi za jengo letu ni za mbao. Paka akipanda, namsikia. Sikuwa nimesikia kitu.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya picha. Leso mabegani, viatu vya mpira, kama mama yeyote anayetoka sokoni. Nikamsalimia kwa Ekegusii. Akanijibu kwa Kiswahili, tena si hiki chetu cha kukwaruza. Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Nikashuka mbio, nikijiambia huyu ni tajiri wa Nairobi aliyevaa kikwetu ili asipandishiwe bei. Nikaanza maneno yangu ya biashara, mwanga, rangi, kipaji. Hakuyasikiliza. Aliuliza jambo moja.

"Unaniuzia hii, au unaniuzia huyu?"

Nikacheka. Sisi tulioingia shule na Ekegusii mdomoni, ngeli zilitupita kama msafara wa gavana. Kwetu mtoto ni huyu, na hata kiti kikikukera ni huyu.

"Huyu huyu, mama. Mchukue."

Akalipa bila kuvutana. Noti zilikuwa na ubaridi wa mawe ya mtoni. Kisha akageuka kuondoka, mikono mitupu. Nikamkumbusha kwamba anaacha mzigo wake.

"Mzigo wangu uko Nyacheki," akanong'ona. "Nitamfuata kesho, jua likizama."

Sikuwa nimemtajia Nyacheki.

Asubuhi Maureen akanipigia simu. Mamake alikuwa ameanguka kwenye majani chai. Zahanati walipima malaria, wakapima presha, wakasema yuko sawa, mrudisheni nyumbani. Pasta aliomba mpaka sauti ikakauka. Drusilla alikuwa anapumua, macho wazi, lakini hamjui mtu.

Nikaing'oa picha ukutani. Sikujua nitaifanyia nini, nilijua tu mahali pake si kwangu. Gari likakataa kuwaka. Fundi akasema anakuja, na hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Mchana wote ukaniishia nikisukuma gari na kutukana betri. Mwishowe nilipanda boda boda, picha imefungwa nailoni nyuma yangu ikivutwa na upepo kama tanga. Jasper, aliyenibeba, aliniuliza kama hilo ni dirisha. Nikamwambia aangalie barabara. Jua lilikuwa linaniacha, na kila kilima kilikuwa na lori la mbele lisilotaka kupitwa.

Nilimkuta Drusilla kitandani. Mikono yake ilikuwa inachuma chai hewani. Polepole. Bila kukoma.

Maureen akataka nimweleze neno kwa neno yale niliyozungumza na yule mnunuzi. Nikamweleza. Nilipofika kwenye ule mzaha wangu, akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye sahani.

"Anko Ombati, ulimwambia huyu?"

"Ni Kiswahili tu, Maureen."

"Basi nenda ukakirekebishe."

Ndipo harufu ikaingia.

Udongo...

Alikuwa amesimama nje, pale majani chai yanapoanza. Nikatoka na picha kifuani, nikamwambia nimemletea mali yake.

"Sikununua hiyo," akasema. "Nilinunua huyo."

Nimebishana na watu wa forodha wa nchi nyingi, lakini sikuwahi kumwombea mtu uhai kwa sarufi. Nilimweleza kwamba Wakisii ngeli hutushinda. Nikamwambia mwalimu wangu wa Kiswahili aliomba uhamisho kwa sababu yangu. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana maisha yangu yote nimeponea kwenye kicheko cha watu.

"Huyo ni wako, hata ukamuuza?" mwanamke akauliza.

"Si wangu."

"Ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Maureen nyuma yangu. "Na siuzi."

Ndani, pumzi ya Drusilla ilikwama... ikaachia... ikakwama tena.

"Basi sema vizuri," mwanamke akaniambia. "Mara moja."

Nikamnyoshea picha.

"Nakuuzia hii. Hii tu. Chukua hii."

Akatabasamu.

Akaipokea, akaingia kwenye majani chai, na hakuna jani lililotikisika.

Ndani ya nyumba Drusilla akakohoa, akauliza kwa Ekegusii nani ameacha mlango wazi. Maureen akakimbilia kwake. Mimi nilikaa chini kwenye tope, nikashindwa hata kujicheka.

Sasa Drusilla ni mzima. Anachuma chai, na Jumamosi, Sabato yao, yuko kanisani safu ya mbele. Ila hajasema anasikia njaa tangu siku ile. Akipewa chakula anakula. Asipopewa, anakaa. Maureen alinipigia kuniuliza taratibu, kama mtu anayefanya mtihani, njaa ni ya ngeli gani. Nikamwambia ukweli. Njaa ni hii, sawa na picha niliyouza.

Jana alipiga tena. Radi ilikuwa imepasua mti karibu na kisima, mamake akiwa papo hapo anachota maji. Hakupepesa hata jicho. Alijaza ndoo yake, akarudi.

"Anko, na hofu?"

"Hofu pia ni hii."

Nyuma yake nilimsikia Drusilla akipanga vikombe, kimoja baada ya kingine, taratibu mno.

"Na roho?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata simu.