Bwawa la Domitila Halifukiwi

Kila asubuhi Domitila aliwapa samaki wake pumba za mpunga. Alikuwa mjane, akiishi Ifakara na binti yake, Digna. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na bwawa dogo. Alilichimba mwenyewe kwa jembe mwaka 1956, baada ya mumewe kufariki, akafuga perege humo.

Mwanzoni perege walizaa vizuri. Vifaranga walionekana ukingoni, wadogo kama punje za mchele. Kisha wakaanza kupotea. Leo wapo, kesho hawapo. Perege wakubwa nao walikonda.

Siku moja akaja Kasmiri, kaka wa marehemu mumewe, na jembe begani.

"Shemeji, bwawa hili lina mkosi," alisema. "Tulifukie, tupande mpunga."

"Hapana."

"Hujui unarogwa? Ni huyo jirani yako, Balbina. Ameonekana hapa alfajiri akichota maji kwa bakuli. Jumapili wazee wa ukoo watakuja. Utasimama useme ni mchawi, ahamishwe."

"Sitasema nisilolijua."

"Basi bwawa tutalifukia sisi. Kiwanja ni cha ukoo."

"Mnifukie na mimi," Domitila alijibu. "Nitakaa humo humo ndani."

Kasmiri alipoondoka, Domitila alifunga khanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa Balbina. Digna alimshika mkono.

"Mama, usiende! Watu wanatutazama."

"Waache watazame."

Balbina alikuwa mama mtu mzima kutoka Mahenge. Domitila alimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, wanasema unachota maji kwenye bwawa langu. Nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe."

Balbina aliweka ungo chini. "Ni kweli, nimechota. Marehemu mume wangu alikuwa akitunza mabwawa ya samaki. Kazi ile tuliifanya wawili. Nilipoona vifaranga wako wanapotea, nilitaka kujua nani anawala. Nilitaka kukwambia, lakini watu walianza kunikimbia. Niliogopa nawe utanifukuza."

"Sikufukuzi. Njoo unionyeshe."

Walikwenda bwawani. Balbina alipitisha kichujio kwenye majani ya ukingoni, akamimina alichopata katika bakuli jeupe lenye maji.

"Tazama. Hawa wadogo wanaorukaruka kama vumbi ni chakula cha samaki. Waache. Huyu wa rangi ya matope, mwenye miguu sita, ni mtoto wa kereng'ende. Huishi majini kabla ya kuota mabawa. Huyu ndiye mla vifaranga."

"Na huyu anayejinyoosha?"

"Ruba. Hunyonya damu ya samaki wakubwa. Na konokono hawa wengine hubeba kichocho. Mtu asioge humu, wala asikojoe humu. Mtoto akikojoa damu, mpeleke hospitali."

"Kasmiri alisema tutie utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, uue wote."

"Utupa utaua na perege. Adui zako wanapenda majani na matope. Waondolee hayo."

Jumapili wazee walikuja, Kasmiri akiwa mbele. Domitila alikuwa amesimama ukingoni, Balbina kando yake. Watu wakanong'ona.

"Sema sasa," Kasmiri aliamuru. "Nani anakuroga?"

Domitila aliweka bakuli mbele ya wazee. Ndani yake mlikuwa na mtoto mmoja wa kereng'ende. Akatia kifaranga cha perege. Mdudu alitulia. Ghafla mdomo wake ukachomoka kama mkono, ukamnasa samaki, akaanza kumtafuna.

"Mchawi ndiye huyu," Domitila alisema. "Mhamisheni huyu. Mama Balbina hahami, na bwawa langu halifukiwi."

Mzee mmoja aliinama akatazama sana. "Kasmiri," akasema, "beba jembe lako twende."

Kesho yake kazi ilianza. Domitila na Digna walichimba shimo la muda, wakalijaza maji safi. Waliwahamishia perege humo, wakiwakagua mmoja mmoja na kuwatoa ruba. Kisha walifungua maji ya bwawa yakatoka yote. Hawakuingia mpaka matope yalipokauka na kupasuka kwa jua. Wakafyeka majani ya ukingoni, wakazoa matope na kunyunyiza chokaa. Walipojaza maji tena, walifunga kipande cha chandarua kwenye mdomo wa mfereji unaoingiza maji, ili wadudu, konokono na kambale wasipite. Walisubiri ukali wa chokaa uishe, ndipo wakarudisha samaki.

Tangu hapo, kila wiki Domitila alipitisha kichujio ukingoni. Kereng'ende waliendelea kutaga, naye aliendelea kuwatoa watoto wao. Vifaranga wakakua. Kabla ya mavuno ya mpunga, nyumba zote mbili zilikuwa zikila perege, na wengine Digna aliwapeleka sokoni.

Hapo Kasmiri akaja, safari hii mikono mitupu.

"Shemeji, nami nimechimba bwawa. Nifundishe."

"Mwalimu siyo mimi," Domitila alisema. "Mwalimu anakaa nyumba ile. Nenda ukamwombe radhi kwanza."

 Kasmiri akavua kofia, akaenda kupiga hodi kwa Balbina.