Maji ya Fleti ya Shangazi Eufrasia

Kila Jumamosi asubuhi Lukresia alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kufua sare zake za shule. Ya pili ilikuwa kusugua madumu ya maji mpaka yang'ae. Ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote: kwenda Makoko kuangalia fleti ya shangazi yake, kisha kurudi nyumbani kumweleza baba aliyoyaona. Hakukuwa na msichana mwingine wa darasa la sita pale mtaani aliyekabidhiwa ghorofa, na Lukresia hakuacha kuwakumbusha wenzake.

Shangazi Eufrasia, dada yake baba, alikuwa muuguzi nchini Ufini, kule kwenye theluji. Miaka miwili iliyopita alinunua fleti kwenye jengo jipya karibu na ziwa. Jengo lilikuwa na fleti sita, kila moja na mwenyewe na hati yake. Kwa kuwa wenye fleti wengi waliishi mbali, walimwajiri msimamizi mmoja, Bwana Bernado, atunze funguo na kurekebisha kilichoharibika.

Shangazi hakuinunua fleti ile ili apangishe. Aliinunua kwa ajili ya mama yake, Bibi Anastazia, aliyeishi peke yake Buswahili na kuhudhuria kliniki ya shinikizo la damu mjini Musoma kila baada ya wiki mbili. Bibi alipanda gari moja mpaka barabara kuu, akapanda lingine mpaka mjini, na akifika miguu ilikuwa imevimba. Wakati mwingine alichoka, akaacha kwenda, na dawa zikamwishia. Fleti ya Makoko ilikuwa jirani kabisa na kliniki. Lakini miaka miwili ilikuwa inakwisha na Bibi hajahamia, kwa sababu Bernado alisema mabomba yamepasuka na dari inavuja.

Sasa utauliza, kwa nini baba yake Lukresia asiende kuona mwenyewe? Swali zuri. Baba, fundi seremala aliyeitwa Mseti, alikuwa rika moja na Bernado. Walitahiriwa msimu mmoja huko kijijini, na kwa watu wao mwanarika ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Mtu hamkagui mwanarika wake. Kumkagua ni kumwita mwizi hadharani. Basi Mseti akaona amtume binti yake. Mtoto akienda, alifikiri, itakuwa kama salamu tu.

Jumamosi ya kwanza Bernado alimpokea Lukresia kwa bashasha kwenye ofisi yake ya chini. Alikuwa na televisheni kubwa, na katuni zilikuwa zinaendelea.

"Karibu, mwanangu! Huko juu usipande, maji yamejaa, utateleza bure," alisema huku akimfungulia soda. "Kaa hapa utazame katuni. Baba akikuuliza, mwambie mabomba bado."

Lukresia akakaa. Aliporudi nyumbani alisema, "Mabomba bado, baba."

"Umeona?" baba aliuliza bila kuinua macho kwenye ubao aliokuwa akiupiga randa.

Hapo ndipo angesema, "Hapana, nimeambiwa." Maneno mawili tu! Lakini alihofia kuambiwa ni mvivu, na mdomo wake ukawahi kuliko akili. "Nimeona, baba. Maji yamejaa mpaka kwenye korido."

Hilo la korido hata Bernado hakulisema. Lukresia alilitia mwenyewe, na kuanzia siku hiyo kila Jumamosi alitafuta la kuongeza. Mara rangi imebanduka, mara ndoo imewekwa chini ya dari. Baba alimwamini, akampigia dada yake simu na kumweleza kila kitu, korido na ndoo pamoja.

Jumamosi moja familia ilikuwa imekaa kula ugali na sato. Bibi Anastazia alikuwapo, kwa sababu jana yake alikuwa kliniki na hakuwa na nguvu ya kurudi. Simu ya baba ikaita. Alikuwa shangazi, na baba akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kaka, nimechoka na hii fleti," alisema shangazi. "Nimeamua kuuza. Bernado ameshapata mnunuzi. Bei ni ndogo sana, lakini nani atanunua nyumba inayovuja? Amenitumia karatasi za kumruhusu auze kwa niaba yangu. Kesho kutwa nasaini."

"Una uhakika?" aliuliza baba.

"Ningekuwa na mashaka na Bernado nisingesaini. Lakini si hata Lukresia kaona maji kwa macho yake? Mtoto hana sababu ya kunidanganya."

Lukresia alirudisha tonge kwenye sahani. Alimtazama Bibi, na Bibi alikuwa anaisugua miguu yake taratibu.

"Basi, mwanangu," Bibi alisema kuielekea simu. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Nitaendelea kukaa Buswahili. Magari si yapo?"

Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulimuuma Lukresia kuliko kofi. Hakumaliza chakula. Mchana kutwa alijiambia kwamba labda fleti kweli ina maji, kwa hiyo hajadanganya sana. Ndivyo mtu anavyojitetea akishakosea.

Kesho yake baada ya ibada hakurudi na wenzake. Alikwenda Makoko moja kwa moja. Ofisi ya Bernado ilikuwa imefungwa. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, Lukresia alipanda ngazi.

Kabla hajafika mlangoni pua ilishamwambia. Harufu ya dagaa ilikuwa nzito, si ya mboga ya siku moja bali ya soko zima. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na magunia yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na mwanamke mnene aliyejifunga kanga kiunoni alikuwa anashona mdomo wa gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe! Nakuonaga hapo chini unaangaliaga katuni," mwanamke alicheka. "Mimi naitwa Marcelina. Unatafuta nani?"

"Natafuta maji," Lukresia alisema, kisha akaona ujinga wake. "Yaani, maji yanayovuja. Mabomba yaliyopasuka."

"Hapa?" Marcelina aliweka sindano chini. "Mwanangu, dagaa na maji wanaachanaga ziwani. Tunawaanika huko nje, mvua ikitishia tunawaingiza humu, halafu wanaenda Bunda na Kiabakari. Kungekuwa na tone moja si wangeshaoza wote? Mwaka wa pili huu niko humu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye kanipangisha."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Si Bernado?"

Lukresia aliinua macho. Dari ilikuwa nyeupe na kavu, haina hata doa. Akageuka, akashuka ngazi.

Njiani shetani alimpa ujanja. Angeweza kusema, "Baba, nimepita leo, maji yamekauka." Hapo fleti ingeonekana nzima, naye asingechapwa. Lakini alipoutafakari aliona hausaidii. Baba angempongeza Bernado kwa kazi nzuri, na shangazi angeendelea kumwamini mtu aliyewadanganya miaka miwili. Ili wamjue Bernado alivyo, ilibidi wamjue na yeye Lukresia alivyo. Alilia kidogo kando ya barabara, akafuta uso kwa upindo wa gauni, akaenda nyumbani.

Aliwakuta baba, mama na Bibi wamekaa nje. Alipiga magoti.

"Baba, nimekosa. Sijawahi kuona maji."

"Maji gani?"

"Ya kwenye fleti. Sikupandaga juu hata siku moja. Nilikuwa nakaa ofisini naangalia katuni, nakuja kukwambia nimeona. Leo nimepanda. Pamejaa dagaa, na dari ni kavu."

Baba alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. "Na korido? Na ndoo?"

"Nilitunga."

Hapo Lukresia alijua kipigo kimefika. Lakini Bibi alinyoosha mkono akamshika baba shati. "Mseti, kaa chini. Mtoto kosa lake kalisema. Sasa tuambie la kwako."

"La kwangu lipi, mama?"

"Wewe ni mtu mzima, una miguu na macho. Kwa nini ulituma mtoto?"

Baba aliokota kigoda polepole. "Bernado ni rika langu, mama. Unajua mambo yetu. Nitaanzaje kumkagua?"

"Nayajua kabla hujazaliwa," Bibi alimjibu kwa ukali. "Wanarika wanalimiana mashamba na kuzikana. Wapi uliambiwa mwanarika anafunga nyumba ya dada yako nawe unapita mbali kwa heshima? Anajua hamtamuuliza, ndiyo maana anawafanyia hivi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Baba alitoa simu, akabonyeza jina la dada yake, akampa Lukresia. "Mwambie mwenyewe. Uongo ulipita kwangu, lakini ulianzia kwako."

Hakuna adhabu iliyokuwa ngumu kama ile. Lukresia alieleza yote, kuanzia soda ya kwanza mpaka magunia ya dagaa.

"Shangazi, upo?"

"Nipo," shangazi alijibu. "Umenikasirisha sana, Lukresia. Karatasi ziko hapa mezani, kesho asubuhi ningesaini. Umechelewa kusema, lakini umewahi. Mpe baba simu."

Jumatatu asubuhi walikwenda Makoko pamoja na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Masatu. Lukresia aliombewa ruhusa shuleni, kwa kuwa yeye ndiye shahidi. Bibi naye alikataa katakata kubaki. Alipanda ngazi moja moja, akipumzika kila baada ya nne, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Bernado aliwafuata juu mbiombio, funguo zikilia kiunoni. "Rika," alisema, akijaribu kucheka. "Hata wewe umekuja kunikagua?"

"Ndiyo, nimekuja kukukagua," baba alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ningekuja mapema tusingefikishana hapa."

Baba alimpigia shangazi Eufrasia simu ya video, akaiinua; shangazi alionekana amevaa koti zito mpaka shingoni. Alimwonyesha dari, kuta na magunia, kisha Bibi akafungua bomba la jikoni. Maji yakatiririka vizuri kwenye sinki.

"Maji ndiyo haya, Eufrasia," Bibi alisema. "Yapo mahali pake."

"Bwana Bernado," shangazi alisema kwenye simu, "kuishi ng'ambo hakujaniondolea haki. Hati ina jina langu. Nilikuajiri utunze, sikukupa. Funguo ni zangu, na kuona ndani ya nyumba yangu ni haki yangu siku yoyote, mimi au nitakayemtuma. Sikusaini kitu. Kabidhi funguo kwa kaka yangu, mwenyekiti akishuhudia."

Bernado alimtazama mwanarika wake, akitumaini angalau neno moja la kumtetea. Mseti alinyoosha kiganja. Funguo zikawekwa humo. Mzee Masatu akaandika karatasi ya makabidhiano, wote wakatia saini, na akaahidi kuwaarifu wenye fleti wengine ili kila mmoja atume mtu akaangalie ya kwake.

Marcelina alikuwa ameshika kichwa, maana naye alidanganywa. Shangazi alimpa wiki mbili ahamishe mzigo, na Marcelina akashukuru mara tatu. Wakiwa wanashuka ngazi, Lukresia alihisi kifua kimekuwa chepesi ajabu. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Ilichukua siku nyingi za sabuni na madirisha wazi mpaka harufu ikatoka. Kazi ya kusugua sakafu alipewa Lukresia, nusu kama adhabu, na hakulalamika hata mara moja. Shangazi akaandika barua ya kumwondoa Bernado kwenye usimamizi wa fleti yake, na baba akaanza kukagua fleti mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

Siku Bibi alipohamia, baba aliwaita wote sebuleni.

"Mwanangu," alimwambia Lukresia, "ukitumwa kuangalia kitu, wewe unakuwa macho ya aliyekutuma. Neno 'nimeona' ni zito. Usilitamke kama hujaona. Kusema 'sijui' au 'nimeambiwa' si aibu. Watu wazima watatu tulijenga uamuzi juu ya neno lako, na Bibi yako nusura akose nyumba. Nami nimejifunza. Kumheshimu mtu hakukuzuii kumuuliza, na mwaminifu akiulizwa haoni vibaya, anafungua mlango."

"Nimeelewa, baba," alisema Lukresia.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Bibi Anastazia alivaa ndala zake, akachukua daftari la matibabu, akaenda kwa miguu. Lukresia, aliyekuja baada ya shule, hakuwa hata amemaliza kuchambua mchicha alipomsikia Bibi anagonga mlango, amesharudi, na miguu haijavimba.