Nilimchongea Shosti kwa Mteja Wetu

Mlango wa chumba cha mikutano ukafunguliwa... shosti yangu akaingia.

Akakipita kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Akaenda kukaa upande wa mteja!

Jamani, mimi nilijua yuko likizo!

"Huyu ndiye msimamizi wetu mpya wa miradi," akasema meneja masoko wa kampuni ya sabuni. "Nadhani mnafahamiana."

Tunafahamiana?! Miaka sita tumekaa dawati moja kwenye kampuni ya matangazo, tukikimbizwa na wateja tisa kwa mpigo!

Hawa wa sabuni walipotangaza nafasi ya kusimamia miradi yao tu, saa kumi na moja uko nyumbani na wanao, tuliomba wote wawili. Kila mmoja akamwandika mwenzake kuwa mdhamini.

Sasa ngoja niwaambie ukweli, mtanitukana nikimaliza.

Waliponipigia simu kumuulizia, nilimwona keshapata, anatoka kazini mapema, mimi nimebaki... Wivu ukanikaba!

"Yuko vipi kazini?" akauliza dada wa ofisi ya ajira.

"Mmh, mbishi huyo! Sisi tunamwita Haiwezekani. Siku za kumaliza kazi zikiwa hazitoshi, anambishia bosi mbele za watu. Hata wateja anawakatalia!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu! Mimi sijawahi kumkatalia mteja hata siku moja."

Nikakata simu, nikacheka peke yangu. Nimemmaliza!

Kumbe...

Kikao kilipoisha nikamkimbilia meneja masoko kwenye korido. Uvumilivu ulinishinda.

"Samahani bosi, mimi nilikosea wapi?"

"Hukukosea, dada. Ila humu ndani kila idara inataka tangazo lake, na inalitaka leo. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kutukatalia. Maelezo yako kwenye simu ndiyo yaliyotushawishi kabisa!"

Nikamsogelea.

"Na yeye... alisema nini kunihusu?"

"Alikusifia mno! Akasema una roho nzuri, hujawahi kumwambia mtu hapana. Tukaona kazi za hapa zitakuelemea ndani ya mwezi."

Mmenielewa lakini? Mimi nilimchongea, akapata. Yeye kanisifia kwa moyo mweupe, nikakosa!

Mara shosti huyo hapo, kanikumbatia kwa nguvu, machozi yanamlengalenga.

"Asante, dada'angu. Wameniambia maneno yako ndiyo yamenipa hii kazi. Sitakusahau."



"Usijali," nikamwambia. Nilitamani sakafu inimeze.

Wapendwa, kabla hujamharibia mwenzio, jiulize kama unajua hata anachotafuta huyo anayekuuliza. Mimi nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa namfungulia mlango na kujifungia wangu.

Wivu bado ninao, siwafichi. Ila kinachoninyima raha ni lile kumbatio.