Nilikuwa Namjibu Nani?

Simu ya Mwalimu ililia kwenye kabati dogo kando ya kitanda cha hospitali. Akaichukua, akasoma, kisha akamtazama mumewe. Fundi alikuwa amekaa pembeni yake na nguo za kazi, zimejaa vumbi la aluminiamu, amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Fundi, simu yako iko wapi?"

"Hii hapa mfukoni. Kwani vipi?"

"Hebu nisomee hii. Labda dawa zimenilewesha."

Fundi akasoma. Ujumbe ulikuwa umeingia sasa hivi, na namba ni yake mwenyewe:

*"Umekula, malkia wangu? Mimi hapa kazini nakuwaza wewe tu."*

Jamani, kuna aibu, halafu kuna aibu!

"Wewe uko hapa," mkewe akasema taratibu, "mikono yote naiona. Sasa huyo aliyeko kazini ananiwaza ni nani?"

"Nilizipanga."

"Ulipanga nini?"

"Meseji. Kuna programu. Unaandika nyingi kwa mpigo, unaziwekea muda, simu inatuma yenyewe. Asubuhi, mchana, jioni."

"Kama vidonge."

"Mke wangu..."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze ile kazi ya madirisha ya ghorofani."

Mwalimu akacheka, kile kicheko ambacho mwisho wake unaujua.

"Mwaka mzima nawaringishia walimu wenzangu! 'Oneni mume wangu, hata akiwa juu ya ngazi ananikumbuka.' Wanakufa kwa wivu. Kumbe nimeolewa na kengele! Na mimi nilikuwa namjibu nani?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Majibu yangu ulikuwa unayasoma?"

"Mengine nilikuwa nayapitia."

"Nitajie moja."

Fundi akaanza kupapasa simu mfukoni.

Muuguzi akaingia kubadilisha dripu. "Pole sana, dada. Mimba zinaharibika, na nyingine zitakuja. Kesho utaruhusiwa." Akamgeukia Fundi. "Ila siku nyingine, kaka, mkeo akianza kulalamika mlete mapema. Angewahi hata jana, tungejaribu."

"Hakulalamika, dada. Angeniambia, ningemleta mbio!"

Mwalimu akageukia ukutani.

Kesho yake alikataa kurudi nyumbani. Wazazi wake walishatangulia mbele za haki, kwa hiyo aliomba apelekwe kwa mama mkwe.

"Mama yako ndiye mama niliyebaki naye," akamwambia Fundi walipofika getini kwa mama, akichukua begi lake. "Wewe nenda nyumbani. Kayasome majibu yangu."

Fundi akaenda. Simu aliitazama tu, akaiogopa. Siku ya pili akarudi kwa mama yake, akamkuta uani anasuuza mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe au imekutuma simu?"

"Mama, usinicheke. Naona mke anaondoka hivi hivi. Zamani mliwezaje nyie? Hamkuwa na meseji wala nini, na ndoa zikadumu."

"Nani kakudanganya zamani ilikuwa raha?" Mama akakamua shuka kwa hasira. "Baba yako, Mungu amrehemu, jua likizama yuko nyumbani. Nikikohoa usiku, asubuhi nakuta dawa mezani. Nikinuna anajua nimenunia nini. Lakini neno tamu? Thubutu! Amekwenda kaburini sijalisikia. Mpaka leo linaniuma."

"Ndiyo maana niliapa mke wangu atalisikia kila siku!"

"Ukaapa, halafu kazi ukaipa simu. Baba yako alikuwa na masikio, mdomo hana. Wewe mdomo unao, masikio umeyapeleka wapi? Umeshasoma alichokuandikia?"

"Bado, mama."

"Sasa hapa umefuata nini?"

Fundi akakaa kizingitini, akafungua simu. Lo! Yule mwanamke alikuwa ameandika! *"Leo mtoto mmoja darasani kajisahau akaniita mama. Nikaenda kulia chooni kwa furaha."* Chini yake simu imejibu: *"Nakupenda zaidi ya jana."* Siku nyingine: *"Nimekumiss, leo wahi basi hata mara moja."* Simu ikajibu: *"Lala unono, ua la moyo wangu."*

Akashuka mpaka siku moja kabla ya hospitali.

*"Umeamkaje, malkia wangu?"*

*"Sijaamka vizuri. Tumbo linanikata na nimeona damu kidogo. Niende hospitali au nisubiri?"*

*"Safi sana mpenzi! Uwe na mchana mwema."*

*"Haya. Kama wewe unaona ni kawaida, nasubiri."*

Simu ikamponyoka. Akaikumbuka jioni ile: amerudi amechoka, mke amejikunja kitandani, akadhani ni usingizi wa mimba. Akala, akalala. Alfajiri akaondoka kimyakimya, eti asimwamshe. Na mkewe alipompigia asubuhi hiyo, mara mbili alikata, akijisemea meseji si zinakwenda?

Alilia mpaka mama yake akaacha mashuka.

"Ingia ndani," mama akamwambia. "Machozi ya mlangoni hayamsaidii mtu."

Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Ile ya tumbo?"

Fundi akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyekwambia usubiri."

"Wewe hukuniambia kitu, na hapo ndipo panaponiua. Ungesoma ukapuuza, ningekuchukia nikamaliza. Sasa nimchukie nani? Simu?"

"Nichukie mimi. Mtoto alikuwa wangu, na wewe ulikuwa unaniita, na mimi sikuwepo. Sina cha kujitetea."

"Na mimi najilaumu," akasema Mwalimu. "Nilikuwa na miguu. Ningeweza kwenda peke yangu."

"Ulimuuliza mumeo. Usijibebeshe mzigo wangu."

Kutoka uani walisikia maji yakimwagwa.

"Nisamehe, mke wangu."

"Leo siwezi. Usinilazimishe."

"Basi nifanye nini?"

Mwalimu akausukuma mto kando.

"Nataka kuoga. Kiuno kinaniuma, siwezi kuinama kwenye ndoo."

Fundi akabandika maji. Yalipopata moto akayachanganya, akayapima kwa kiwiko, akambeba mkewe mpaka bafuni, akamkalisha kwenye kigoda. Akaanza kummwagia mgongoni, kopo kwa kopo, bila neno.

"Ongea," Mwalimu akasema. "Usininyamazie kama marehemu baba yako."

Fundi akayatafuta maneno. Malkia, ua la moyo, yote yalikuja mpaka ulimini na yote akayaona machafu. Akaweka kopo chini, akachuchumaa mbele yake, akamtazama usoni.

"Ulitaka tumwite nani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwalimu akamvuta kichwa, akamnong'oneza jina, na Fundi akalirudia kwa sauti, mara moja, ili asikie kwamba limesikika. Kisha wakalia wote wawili, maji yakipoa kwenye ndoo.