Magunia Sita ya Klabu ya Radi

Saa saba na robo mchana, Jumapili ya tarehe 18 Julai 1954, Enoka, tarishi wa baraza, alikuwa amekata tonge la kwanza aliposikia yowe la Ezron upande wa ghala. Tonge likarudi sahanini. Ezron hakuwa mtu wa kupiga kelele ovyo. Alikuwa golikipa, na aliwahi kufungwa mabao matatu bila kufungua kinywa.

Mlango wa ghala la klabu ya Radi ulikuwa umelala chini. Ndani, mahali palipokuwa na magunia sita ya kahawa, palibaki vumbi na punje chache.

"Nimekwisha," Ezron alisema. "Enoka, ndugu yangu, nimekwisha."

Na kweli alikuwa na haki ya kusema hivyo. Radi ilikuwa klabu kubwa kuliko zote, kuanzia Tunduma mpakani mpaka huku Mbozi kwenye mashamba ya kahawa. Ilikuwa imezifunga timu za migodini ng'ambo ya mpaka, tena kwao. Lakini ushindi nao una gharama zake: viatu, jezi, lori la safari, na nyama ya kuwalisha wachezaji wa kukodiwa ambao hawakula mboga kama watu wengine. Duka moja la Tunduma lilikuwa likiidai klabu shilingi mia sita, na Bwana Shauri, mzungu wa bomani, alikwisha kuandika barua. Deni lisipolipwa kabla ya Jumatano, Radi inafutwa katika daftari, na uwanja unarudi kuwa malisho ya ng'ombe.

Ndipo mjane Ketrina aliposimama mkutanoni mwezi Juni, mwanamke peke yake katikati ya kofia na fimbo. "Kila nyumba debe moja la kahawa kavu," alisema. "Na mwenye debe ana sauti. Sauti moja, debe moja, awe yeyote." Wanaume walicheka. Kisha wakaenda nyumbani wakapima. Haba na haba hujaza kibaba, na baada ya wiki tano magunia sita yalikuwa yameshonwa midomo, yakingoja lori la Jumanne asubuhi. Ufunguo wa ghala alipewa Ezron.

Jumbe alifika akitweta. Alilitazama ghala, akamtazama Ezron, akamgeukia Enoka.

"Jumanne saa moja lori litakuja," alisema. "Litapakia kahawa, la sivyo litampakia Ezron apelekwe bomani Mbeya. Tarishi, hesabu mwenyewe siku zako."

Watu walikuwa wakijaa. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mbonile, alikuja amejifunika blanketi, kwa kuwa tangu asubuhi alisema ana homa. Mke wake Priska alikimbilia kwa mama yake, Ketrina, wakashikana mikono wakalia. Mbonile alisimama mbali, amewapa wanawake kisogo, kama heshima inavyotaka.

"Pole, Ezron," alisema kwa sauti iliyofika kwa kila mtu. "Nilisema mapema, kahawa za debe debe zitaleta balaa. Lakini msihangaike. Miaka tisa nimeibeba Radi mgongoni. Mimi nikiwa hai, haitakufa."

Wengine walimpigia makofi. Enoka hakupiga, kwa sababu alikuwa amepiga magoti mlangoni.

Kufuli ilikuwa nzima. Bawaba ndizo zilizokatwa, na bawaba zenyewe zilikuwa vipande vya ngozi ya ng'ombe. Enoka alivitia mfukoni.

"Uliondoka hapa saa ngapi?" alimuuliza Ezron.

"Saa nne kasoro. Shangazi Ketrina aliniomba nikaimbe besi, maana Isaka amekauka sauti. Ibada ilikwisha saa saba kamili. Nilikuja moja kwa moja."

"Nani hakuwepo kanisani?"

"Mwenyekiti, ana homa. Andongwisye fundi viatu, huyo kanisani haji hata kwa harusi. Na wewe."

"Mimi nilikuwa nalinda mahabusu wa baraza."

"Basi ninyi watatu," Ezron alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu kidogo.

Saa tisa alasiri Enoka alikuwa kibandani kwa Andongwisye. Fundi huyo alitoka Ibaba, milimani kwa Wandali, na ndiye aliyeshona mipira yote ya Radi. Alikuwa akiidai klabu ujira wa mwaka mzima, na kila aliyepita kibandani alisikia habari hiyo apende asipende. Wiki iliyopita alitamka mbele ya watu kwamba Radi ife tu, labda kwenye matanga yake atalipwa chake. Sasa ngozi ilikuwa imekatwa, na kijijini mtu wa kukata ngozi ni mmoja. Nje walikuwa wamekusanyika wanaume kadhaa, na fimbo zao hazikuwa za kutembelea.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?" Enoka aliuliza, kisha akajisahihisha kwa haraka. "Leo. Leo asubuhi."

"Hapa hapa. Nikishona viatu vya mchungaji, ambaye atanilipa akifika mbinguni." Andongwisye alinyoosha mkono. "Leta hizo bawaba."

Alizigeuza kwenye mwanga, akaguna kama mtu aliyetukanwa. Kisha alichukua kipande cha ngozi, akapitisha kisu chake mara moja tu. Mkato ukawa laini kama ukingo wa karatasi.

"Sasa tazama hii yako," alisema. "Imekerezwa, kushoto, kulia, kushoto. Huyu ana kisu cha kichwa kilichopinda, cha kupogolea mikahawa. Mimi mkahawa sina hata mmoja. Nikikata ngozi namna hii, tarishi, nitakufa njaa."

"Mbona unadai mwaka mzima na hujafa?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Ndaga, tarishi, ahsante. Waambie hao wa nje waende kula."

Enoka aliwaambia, ingawa moyoni hakuwa na furaha. Visu vya kupogolea vilikuwamo katika kila nyumba ya mkulima.

Kilichobaki kilikuwa alama za baiskeli. Vumbi la Julai halifichi kitu, na gurudumu lililobeba gunia linazama. Mwizi alikuwa amekwenda na kurudi mara sita, gunia moja kila mara, kwa njia ile ile. Enoka aliifuata. Ilipita mbele ya nyumba ya mchungaji bila kona. Ikapita mbele ya nyumba ya jumbe mwenyewe, hatua tatu kutoka mlangoni, bila aibu. Mwizi alijua kwamba wote wako kanisani.

Halafu, hatua hamsini kabla ya nyumba ya Ketrina, alama ziliacha njia. Zikaingia shambani, zikapanda matuta ya viazi, zikashuka, zikapita kwenye michongoma, zikazunguka nyuma kabisa ya nyumba na kurudi njiani upande wa pili. Mara zote sita. Mbele zaidi zilifika barabara ya changarawe iendayo Tunduma, zikapotea.

Enoka alisimama kwenye matuta akikuna kichwa. Kusukuma baiskeli yenye gunia juu ya matuta ni adhabu. Ketrina hakuwa na mbwa. Siku ile hakuwepo hata kuku nje, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani, anasikika mpaka bondeni. Mwizi alimwogopa nani?

Alilala na swali hilo, akaamka nalo. Jumatatu asubuhi alimhoji Mbonile barazani kwake. Mwenyekiti alikuwa amepona homa na alijibu kwa upole. Alilala kutwa nzima Jumapili. Mkewe alikuwa kanisani, kwa hiyo shahidi hana.

"Lakini mwambie jumbe asimpeleke Ezron bomani," alisema. "Kesho mtu wa duka akija na lori, nitazungumza naye. Nitalipa mimi. Waambie wanachama wanione jioni, waniombe rasmi."

"Wakuombe?"

"Mkono mtupu haulambwi, Enoka. Klabu inahitaji mkono wenye kitu."

Ilikuwa ahadi njema, na Enoka alitoka pale akiwa amesikitika bila kujua sababu.

Saa nane mchana alimsindikiza mkewe Nesta kisimani. Walikuwa wakiongea habari za kahawa, na ghafla Nesta akashika mdomo. Mbele yao, kwenye kona, mama yake alikuwa akija na jembe begani. Enoka hakufikiri. Aliruka nje ya njia, akatua kwenye mahindi makavu, akapiga goti, macho chini, hadi mama mkwe alipopita huku naye ametazama pembeni. Ndivyo ilivyo huku. Mkwe wa kiume hakutani na mama mkwe njiani wala hapiti mbele ya mlango wake, mpaka siku atakapopeleka mbuzi wa kufunguliwa njia. Enoka bado alikuwa akitafuta mbuzi.

Nesta alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. "Toka basi, amekwenda! Mwaka wa pili huu unaruka kama panzi. Siku nyingine hata akiwa hayupo nakuona unazunguka nyumba."

"Hata akiwa hayupo?"

"Hata akiwa hayupo. Miguu yako imezoea."

Enoka alisimama katikati ya mahindi, mabua shingoni, na hakutoka. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Nesta," alisema polepole, "Ketrina ana mabinti wangapi?"

"Wawili. Ferista, mumewe yuko migodini Kopabelti tangu mwaka juzi. Na Priska."

Saa kumi na nusu jioni wanachama wote waliitwa ghalani. Mbonile alikuja amevaa koti, tayari kuombwa. Enoka aliwaambia kwamba anataka waitembee njia ya mwizi pamoja, kwa kuwa macho mengi huona zaidi. Hakusema jingine, na jumbe alinung'unika lakini akaenda.

Walikuwa zaidi ya sitini. Walipita kwa mchungaji, wakapita kwa jumbe, wakizozana kuhusu lori na mpaka. Ezron alitangulia, na Andongwisye alichechemea nyuma yake. Walipofika nyumbani kwa shangazi yake, Ezron alikatiza uani kama alivyozoea tangu utoto. Fundi naye alikatiza, kwani ndiyo njia yake ya maji ya kila siku. Umati mzima ukapita mbele ya mlango wa Ketrina.

Isipokuwa mtu mmoja. Mbonile, hatua hamsini kabla ya nyumba, aliacha njia akiwa katikati ya sentensi. Alishika shamba, akapanda matuta, akainamisha kichwa kukwepa michongoma. Alipogundua kwamba kumekuwa kimya, aliinua macho. Watu sitini walikuwa wamesimama uani, wakimtazama. Yeye alikuwa amesimama juu ya alama za magurudumu, kiatu chake ndani yazo kabisa.

"Bwana mwenyekiti," Enoka alisema bila kupaza sauti, "umepita hapo kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Hii ni heshima. Hata wewe unafanya."

"Nafanya. Ndiyo maana nimejua. Mwizi wa jana hakumwogopa mchungaji wala jumbe. Alizunguka nyumba moja tu, nyumba isiyo na mtu, mara sita, na gunia juu ya baiskeli. Ezron hupita uani. Fundi hupita uani. Mkwe mwingine wa nyumba hii yuko Kopabelti. Mazoea yana taabu, bwana."

Mbonile alifungua kinywa, na Priska akasema kutoka katikati ya wanawake, "Jana nilikuta blanketi lako limejaa miba ya michongoma. Ukaniambia mbuzi ndiye aliyeliburuta." Alilia aliposema hivyo, lakini alisema.

Mwenyekiti alikaa juu ya tuta kwa koti lake zuri.

"Yako kwenye banda langu la kukaushia," alisema. "Sikuuza hata punje. Miaka tisa! Viatu vyenu nani alinunua? Lori nani alilipa? Mtu akifunga bao alikuja kwangu kunishukuru. Halafu mkapima madebe yenu, na kwangu hakuna aliyepita. Nilitaka mje mara moja tu. Mngekuja leo, kesho ningelipa deni lote."

"Viatu vile ulivikopa kwa jina letu," Ezron alisema. "Na hao wa kula nyama ulileta wewe. Hilo ndilo deni. Na kesho ungelilipa kwa kitu gani, mzee? Kwa kahawa yetu?"

Baadhi ya wanaume waliinua fimbo, na Enoka akasogea akasimama mbele ya Mbonile, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi yake.

Ndipo Ketrina alipogeuka, akampa mkwewe mgongo, akasema akiutazama ukuta wa nyumba yake, ili adabu isivunjwe:

"Mwambieni mkwe wangu kwamba baraza litamhukumu, na ni haki. Lakini mwambieni pia kwamba kahawa yake hatujaipokea. Nyumba yake ndiyo peke yake ambayo haijaleta debe. Tulikuwa tunamngoja."

Jumanne saa moja lori lilipakia magunia sita, na Ezron akapanda juu yake kama mpokeaji wa fedha badala ya mahabusu. Saa tisa alirudi kutoka Tunduma na stakabadhi ya duka, na Enoka aliisoma kwa sauti uwanjani mara tatu, kwa sababu watu waliomba. Andongwisye alilipwa nusu ya ujira wake palepale na akakosa cha kulalamikia kwa siku nzima. Walikubaliana kwamba wachezaji wa kukodiwa hawatakuwepo tena, vijana wa hapa watacheza, na daftari la klabu litasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Baraza lilimtoza Mbonile ng'ombe wawili. Wengi walidhani atahamia Tunduma kwa aibu.

Jumamosi ile, madebe ya mkupuo wa pili yalipokuwa yakipokelewa, Enoka aliwaona watu wakinyamaza mmoja mmoja. Mbonile alikuwa amesimama kwenye mstari, nyuma ya fundi viatu, debe la kahawa kichwani. Hakuruka mstari. Zamu yake ilipofika alilitua mbele ya Ezron, aliyekuwa ameshika kalamu.

"Jina?" Ezron aliuliza.

"Unanijua, Ezron."

"Nakujua. Kila mwanachama hutaja jina lake."

Mbonile alifuta vumbi mikononi, akavua kofia.

"Mbonile," alisema. "Debe moja."