Klachi Iliyogoma Asubuhi

"Wasan, hebu niambie mwanangu, Nadhir wangu kaifanya nini pikipiki yenu?"

Bi Ghaniya, jirani yao wa ukuta mmoja, aliuliza hayo akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Wasan aliipokea sahani, akaitazama, akaona ni tupu. Tangu wazee wao wahame Unguja, wakavuka bahari na kuja kukaa hapa Firq, nje kidogo ya mji wa Nizwa, sahani za nyumba hizi mbili hazikuwahi kurudi tupu. Ikienda na vitumbua, hurudi na tende au haluwa. Siku ile ilirudi imeoshwa, imefutwa, haina kitu.

"Haya, nisalimie bibi yako," alisema Bi Ghaniya, akageuka akenda zake.

Wasan alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na bibi yake, Bi Badria, na kaka yake mkubwa, Hamoud, kwani wazazi wao walikuwa mji wa Sur kikazi. Kila siku nyumba ile iliamka kwa adhana. Bibi akishasali alibaki kwenye msala na tasbihi yake, Wasan akichemsha chai ya maziwa, na Hamoud akitoa pikipiki uani. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wagonjwa na wazee dawa majumbani kutoka duka moja la dawa. Alitoka mapema, maana mwenye kungoja dawa hana subira.

Baridi ilipoanza kushuka kutoka milima ya Jabal Akhdar, pikipiki ikaanza vituko. Upande wa kushoto wa usukani pana mkono wa klachi. Ukiubana, injini na tairi huachana. Ukiuachia, hushikana tena na pikipiki ikaondoka. Sasa mkono ule ulikuwa mzito kuubana, na ukiachiwa haurudi. Unabaki umelalia usukani kama mgonjwa aliyelalia mto. Injini inanguruma, pikipiki haisogei. Kisha ghafla mkono unajirudi wenyewe na pikipiki inaruka mbele. Asubuhi moja iliruka hivyo hivyo ikamtupa Hamoud ukutani. Alirudi ndani na mkono wa kulia umechubuka, umevimba, akafungwa bendeji.

"Nadhir huyu!" alisema huku akiuma meno. "Kaiazima juzijuzi, kaiangusha, kanirejeshea kimya kimya."

Kweli Nadhir, mtoto wa Bi Ghaniya, alikuwa ameiazima siku moja kabla ya baridi kuingia, akenda nayo sokoni Nizwa kumchukulia mama yake dawa. Nadhir na Hamoud walikuwa marafiki tangu chuoni walikosomea Kurani. Alipoulizwa, aliapa.

"Wallahi sikuiangusha, Hamoud."

"Basi uliioshea nini? Ulikuwa unafuta alama!"

"Niliiosha kwa adabu. Mtu akiazima kitu hukirejesha kisafi. Hujafunzwa hayo kwenu?"

Neno hilo la mwisho lilimchoma Hamoud. Nadhir alikuwa akitarajiwa kuajiriwa katika duka lile lile la dawa, na mwenye duka alikuwa akingoja neno la Hamoud tu. Hamoud akenda akamwambia, "Huyu simdhamini." Tangu siku ile salamu ikakatika baina yao, na sahani ikaanza kurudi tupu.

Bi Badria alimwita mjukuu wake. "Hamoud, una ushahidi?"

"Bibi, pikipiki ilikuwa nzima, kaichukua yeye, ikaharibika. Ushahidi gani tena?"

"Huo si ushahidi. Hiyo ni dhana," alisema bibi, akaendelea kuhesabu tasbihi yake.

Jumatano baada ya alasiri akaja Ami Suud, jamaa yao mwenye gereji katika sanaiya ya Firq, kule kwenye mafundi wa magari. Akachuchumaa uani mbele ya pikipiki. Wasan naye, aliyependa kutazama kazi za mikono, akasimama pembeni na kikombe cha chai ya mgeni.

Ami Suud hakukimbilia spana. Kwanza alitazama. Akapitisha kidole juu ya mkono wa klachi, akatikisa bolti inayoushika, akaangalia ncha ya waya wa klachi kama imechanika nyuzi. Kisha akaubana mkono na kuuachia. Ukarudi, tap! Akarudia. Tap!

"Mgonjwa wako mzima huyu," alisema.

"Sasa hivi mzima. Asubuhi ndiyo anakufa," alisema Hamoud.

"Na huyo unayesema kaiangusha, kaiangushaje? Pikipiki ikianguka ubavu huu, mkono huu ndio wa mwanzo kupinda. Na huu umenyooka."

"Labda kaunyoosha."

"Kaunyoosha kwa meno?" Ami Suud akacheka, lakini Hamoud hakucheka. Fundi akainuka, akapangusa mikono. "Sikiliza, bwana. Miye siwezi kutibu maradhi nisiyoyaona. Umesema asubuhi tu? Basi maradhi haya yana saa yake. Ijumaa nitakuja baada ya sala ya alfajiri, niyakute yenyewe. Na mpaka hapo usiipande."

Asubuhi ya Alhamisi, Wasan alikaa baina ya magoti ya bibi yake kusukwa nywele kabla ya skuli. Bibi akanyoosha mkono kuchukua chupa ya mafuta ya nazi dirishani. Akaipindua. Hakikutoka kitu.

"Yameganda tena," alisema bibi. "Baridi ya huku haina huruma. Kwetu Unguja hata kipupwe hayakuwa magumu hivi. Kaiweke chupa ndani ya bakuli la maji moto."

Wasan akaiweka. Weupe ule mgumu ukaanza kulainika pembeni, ukawa maji, ukateremka. Akautazama.

Alikumbuka. Wakati joto lilikuwa bado halijatoka, mkono wa klachi ulikuwa ukilia kwii, kwii kila Hamoud akiubana. Wasan alikuwa amemwona bibi yake mara nyingi akitia mafuta ya nazi kwenye bawaba za mlango na kwenye cherehani, na bibi naye alifunzwa hivyo na mamaake huko Unguja. Basi siku moja kaka yake akiwa amelala, alichukua chupa ile, akainua kijimpira kinachofunika ncha ya waya, akatia mafuta, akatia tena, mpaka yakapotea ndani ya mrija mweusi waya unamopita. Kelele zikakoma. Alifurahi peke yake, hakumwambia mtu, kisha akasahau.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza bibi.

"Hamna kitu, bibi," alisema Wasan. Siku nzima darasani aliiwaza chupa ile.

Jioni, akirudi kutoka dukani, alimkuta Nadhir nje ya mlango wa Bi Ghaniya akifunga begi kwa kamba.

"Assalamu alaikum, Wasan. Wewe bado unaniitikia, au na wewe umenikatia?"

"Waalaikumu salamu. Unasafiri?"

"Kesho Ijumaa, asubuhi na mapema. Nakwenda Ashkhara, pwani. Kuna mtu kanitafutia kazi kule ya kuanika samaki."

"Ashkhara? Mbali kote huko! Na Bi Ghaniya atabaki na nani?"

Nadhir akakaza fundo. "Nifanye nini? Huku jina langu lishachafuka. Samaki wa Ashkhara hawamuulizi mtu kaangusha nini." Alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Ndani, Bi Ghaniya alisikika akikohoa.

Usiku ule Wasan aliwaza. Akisema, Hamoud atajua kwamba mkono wake umeumia kwa sababu ya dada yake. Asiposema, Nadhir ataondoka na jina chafu, na mama mgonjwa atabaki peke yake. Alilala akigeuka huku na huku kama samaki kwenye wavu.

Ijumaa kulipopambazuka, Ami Suud alikuwa uani amejifunga msari wake wa kilemba shingoni kwa baridi. Akaubana mkono wa klachi. Ukaenda kwa uzito. Akauachia. Haukurudi. Ukabaki pale pale.

"Ahaa! Sasa nakuona," alisema fundi.

"Si nilikwambia?" alisema Hamoud. "Kazi ya Nadhir hiyo."

"Si Nadhir!"

Wote wakageuka. Wasan alikuwa amesimama na birika la maji moto na kitambaa.

"Ni mimi, kaka. Nilitia mafuta ya nazi ndani ya waya ili usilie. Zamani, wakati wa joto. Sasa yameganda kama ya kwenye chupa."

"Mafuta ya nazi?" Hamoud aliduwaa. "Ya nywele?"

"Subiri," alisema Ami Suud. "Mtoto kasema neno, tulipime. Lete birika."

Akauzungushia mrija mweusi kitambaa, akamwagia maji moto taratibu, toka juu kuteremka. Wakangoja. Kisha mkono wa klachi ukacheza kidogo, ukajivuta, ukarudi mahali pake. Tap!

Fundi akaufungua waya, akauchomoa. Sehemu ambayo maji hayakufika ilikuwa bado imepakaa kitu cheupe kigumu kama nta, kimechanganyika na vumbi. Akakitia kidoleni, akanusa, akamnusisha Hamoud.

"Harufu ya nyumba yenu hii," alisema. "Mchana jua likiwaka yanayeyuka, mimi nikija nakuta pikipiki nzima. Nadhir wa watu hakuiangusha."

Akausafisha waya kwa mafuta ya taa, akaukausha, akatia oili yenyewe ya pikipiki, akaurudisha. Akaubana mkono mara nyingi. Kila mara ulirudi.

Wasan alikuwa analia sasa. "Nisamehe, kaka. Nilitaka kukusaidia. Nilijua jana, nikaogopa kusema."

Hamoud aliutazama mkono wake wenye bendeji, kisha akamtazama dada yake. Hakumgombeza. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Bi Badria alikuwa amesikia yote kutoka barazani. Akaja akiburura viatu, akamfuta Wasan machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Wasan, ulitia mafuta kwa nia njema, na Mwenyezi Mungu anazijua nia. Lakini kitu cha mtu usikitie mkono bila ya kumuuliza, na usichokijua usikifanyie kazi. Jana ulinyamaza, leo umesema, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa na cha kupoteza. Kweli ikichelewa siku moja inaumiza. Ikichelewa mwaka, inaua jina la mtu."

Kisha akamgeukia mjukuu wake mkubwa, na sauti yake ikawa nzito zaidi.

"Na wewe, Hamoud. Mtoto alikosea kwa kutojua, na mafuta yakigandishwa na baridi, maji moto yanatosha. Wewe ulisema unajua, na hukujua. Ulimwona mtu kaosha pikipiki kwa adabu, ukaita hatia. Umemkatia rafiki yako salamu, umemfungia riziki yake, mama yake mgonjwa anakaribia kubaki peke yake. Fundi kataka kuyaona maradhi kabla ya kuyatibu. Wewe ulimhukumu mtu bila ya kuona kitu. Jifunzeni nyote wawili: kabla ya kulaumu, uliza, na ukijua ukweli, usiufiche."

Upande wa pili wa ukuta, mlango wa gari ulisikika ukifunguliwa, na sauti ya Bi Ghaniya ikimuombea Nadhir dua ya safari.

Bibi akaingia jikoni, akatoka na ile sahani iliyorudi tupu. Sasa ilikuwa imejaa vitumbua vya moto. Hamoud akaipokea kwa mkono wake mzima, akavua viatu vya kazi, akavaa makubadhi, akafungua mlango wa uani kwa bega, akatoka kumwahi Nadhir kabla gari halijaondoka.